Ploti yako, pesa zangu: huo ni ubia?

Karatasi ya makubaliano yenyewe ni moja, ya mistari, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kupasuka. "Mwenye ploti atatoa ploti, mwenye pesa atajenga, faida watagawana." Chini pana saini mbili na tarehe. Shahidi hakuna. Hakikutajwa kiasi cha pesa, wala idadi ya nyumba, wala nani anapata ngapi.

Ploti iko upande wa Kasuarina, hapa Malindi. Leo ina slebu tatu. Nguzo za ghorofa ya juu zimesimama wazi, nondo zake zinaliwa na hewa ya chumvi, na ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mali hii haiuzwi. Mmoja anasema: sisi ni wabia. Mwingine anasema: huyu alikuwa kontrakta wangu, tena amenichelewesha.

Maneno yale mawili, "faida watagawana", yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Karibu kila mtu wa pwani anayajua, na karibu kila mtu anaamini yanatosha.

Hayatoshi.

Bei ikipanda, kila mtu ni mbia

Ukizisoma kesi za namna hii utaona jambo moja linajirudia. Thamani ya ploti ikipanda, aliyetoa pesa huapa kwamba tangu siku ya kwanza walikuwa wabia, na mwenye ploti huapa kwamba zile pesa zilikuwa mkopo tu. Mambo yakiharibika, duka la vifaa likidai saruji na nondo, mafundi wakidai mishahara, viapo hubadilishana wenyewe. Sasa mwenye pesa ndiye aliyekuwa kontrakta tu, na mwenye ploti ndiye anayetaka ubia ili deni lisimwangukie peke yake.

Hakimu ameyaona hayo mara nyingi. Ndiyo maana haangalii sana mnavyojiita baada ya ugomvi kuanza. Anarudi nyuma, kwenye ile miezi mlipokuwa bado mnakunywa kahawa pamoja, na kuuliza mlikuwa mkitendeana vipi. Nani aliajiri fundi? Risiti za kokoto ziliandikwa jina la nani? Akaunti ilihitaji saini ya nani? Nyumba ya kwanza ilipopata mpangaji, kodi iliingia mfuko gani?

Jina si ushahidi

Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya United Dominions Corporation dhidi ya Brian, ilisema wazi kwamba ubia wa mradi si neno lenye maana moja iliyokaa sawasawa kisheria. Unaweza kuwa shirika kamili la kibiashara, unaweza kuwa kampuni yenye wanahisa, unaweza kuwa mkataba mtupu wa watu wawili wanaofanya kazi kwa pamoja. Kuandika "ubia" juu ya karatasi hakukupi lolote kati ya hayo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inauelezea ubia kwa maneno machache: uhusiano wa watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida. Shina lake ni sheria ya Uingereza ya 1890, na shina hilo lina kanuni tatu ambazo watu huzikosea. Kumiliki mali pamoja, peke yake, si ubia. Kugawana mapato ghafi, peke yake, si ubia. Kugawana faida ni dalili ya ubia, lakini ni dalili tu. Hata mkopeshaji anaweza kulipwa kutoka kwenye faida na akabaki mkopeshaji.

Wavuvi wetu wanaijua tofauti hii bila kusomeshwa na wakili. Samaki wakiuzwa, mwenye mashua huchukua fungu lake na waliokwenda baharini huchukua lao. Kugawana huko hakuwafanyi wavuvi kuwa wenye mashua, na mashua ikivunjika mwambani hakuna anayewadai mbao.

Ploti moja, hesabu tatu

Tuseme ploti ina thamani ya Sh12 milioni. Mwenye pesa anatia Sh36 milioni, na wanajenga nyumba nane. Jumla ya mtaji ni Sh48 milioni, kwa hiyo uwiano ni robo kwa robo tatu.

Nyumba zikiuzwa Sh7.5 milioni kila moja, zinaingia Sh60 milioni. Kama ni ubia wa robo kwa robo tatu, faida ni Sh12 milioni: mwenye ploti anaondoka na Sh15 milioni, mwenye pesa na Sh45 milioni. Kama ni mabadilishano, yaani ploti kwa nyumba mbili, mwenye ploti bado ana Sh15 milioni. Kama ilikuwa kazi ya kontrakta aliyejenga kwa pesa zake akasubiri kulipwa, anarudishiwa Sh36 milioni na chochote walichoafikiana juu yake. Tukiiweka riba kando, mwenye ploti anabaki na Sh24 milioni.

Hapo utaona kwa nini mwenye ploti, soko likiwa zuri, hulichukia neno ubia.

Sasa geuza. Nondo zimepanda bei, ujenzi umekula Sh44 milioni, na nyumba zinauzwa Sh6 milioni tu. Zimeingia Sh48 milioni na zimetoka Sh56 milioni ukihesabu na ploti. Hasara ni Sh8 milioni. Katika ubia, kama uwiano wa mwanzo haukubadilika, mwenye ploti anabaki na Sh10 milioni na mwenye pesa Sh38 milioni. Katika mabadilishano, mwenye ploti ana nyumba zake mbili za Sh12 milioni, na hasara yote ni ya aliyejenga. Katika ukandarasi, aliyejenga anadai Sh44 milioni zake zote, na mwenye ploti anabaki na Sh4 milioni kwa ardhi iliyokuwa na thamani ya Sh12 milioni.

Ardhi ni ile ile, saruji ni ile ile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja.

Tena nimesema "kama uwiano haukubadilika". Zile Sh8 milioni za ziada zilitoka kwa mmoja tu. Je, zilimwongezea fungu, au zilikuwa mkopo kwa mradi, au ni uzembe wake mwenyewe wa kukadiria vibaya? Karatasi nyingi hazisemi. Na kama mahakama itaona ni ubia lakini haioni uwiano wowote ulioafikiwa, kanuni ya lile shina la 1890 ni sawa kwa sawa: faida nusu kwa nusu, na hasara nusu kwa nusu. Mtu aliyedhani ana robo anaweza kujikuta anabeba nusu ya shimo.

Waulize kuhusu hasara

Kwa muda mrefu niliona kwamba kiini cha kesi hizi ni namna faida ilivyogawanywa. Siamini hivyo tena. Faida kila mtu huitaja, maana haina gharama kuitaja. Swali linalotenganisha mbia na mkopeshaji, na mbia na kontrakta, ni hili: mradi ukianguka, nani alikuwa apoteze nini?

Aliyehakikishiwa kurudishiwa pesa zake vyovyote itakavyokuwa, huyo alikopesha. Anayelipwa kwa hatua, msingi ukiisha hiki, slebu ya kwanza kile, huyo ni kontrakta hata kama ameahidiwa bonasi ya mauzo. Ambaye mtaji wake ungezama pamoja na wa mwenzake, na ambaye alikuwa na sauti katika maamuzi, bei ya kuuzia, kuongeza ghorofa, kubadilisha fundi, huyo anaanza kufanana na mbia.

Na mbia hawajibiki kwa mwenzake tu. Muuza vifaa aliyewakopesha anaweza kuwashitaki wote kwa deni la mradi, hata yule ambaye hajawahi kuingia dukani.

Nyumba bila ardhi

Hapa pwani tuna desturi ambayo bara hawaielewi vizuri. Katika mitaa ya zamani ya Mombasa na Malindi mtu huwa na nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine, anamlipa mwenye ardhi kodi, anaiuza nyumba, anairithisha, na ardhi inabaki kwa mwenyewe. Tumekua tukiona kwamba ukuta una mwenyewe na udongo una mwenyewe.

Desturi hiyo ndiyo inayompa moyo aliyejenga. Anasema: slebu ni zangu.

Lakini kwenye ardhi iliyosajiliwa, kanuni ya kawaida ni kwamba kilichojengwa kikashikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa mwenye jina kwenye hati umiliki kamili, na hati ni ushahidi ambao mahakama inapaswa kuupokea mpaka ithibitishwe udanganyifu, au kwamba hati ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Aliyemwaga zege hana hati. Ana madai.

Hata ahadi ya "nyumba sita zako, mbili zangu" inakwama hapo. Chini ya sheria ya mwaka 2020 ya nyumba za sehemu, kila nyumba kwenye ghorofa inaweza kupata hati yake, lakini ni baada ya ramani ya sehemu kuandaliwa na mpimaji na kusajiliwa, na maombi hayo yanatoka kwa mwenye ardhi aliyesajiliwa. Akikataa kutia saini, aliyejenga ana funguo sita na hana hati hata moja. Tiba ni kuandika mapema lini maombi yatapelekwa, na mwenye ploti atoe idhini ya uwakili iliyosajiliwa kwa kazi hiyo tu. Wengi hukumbuka baada ya kupaka rangi.

Karatasi isiyo na shahidi

Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba ya Kenya kinasema huwezi kushitaki kwa mkataba wa kuhamisha haki katika ardhi isipokuwa umeandikwa, umetiwa saini na wahusika wote, na kila saini imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo. Karatasi ile ya mistari inaanguka hapo hapo. Sisi tuliofundishwa tangu chuoni kwamba deni liandikwe na mashahidi wawepo hatuna kisingizio kikubwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo kifungu hicho hicho kinaacha mlango: hakizuii amana, yaani mali kuwa kwa jina la mmoja lakini anaishika kwa ajili ya mwingine, ambayo sheria yenyewe huitambua kutokana na matendo ya watu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliutumia mlango huo kwa watu 88 waliolipia viwanja na kuingia, na mwaka 2018 ikarudia msimamo huo katika kesi nyingine. Zote zilihusu idhini ya bodi ya ardhi ya kilimo iliyokosekana, lakini hoja yake ni pana. Mwenye ardhi hawezi kupokea pesa, kumwacha mtu aingie na kujenga, kisha akajificha nyuma ya kasoro ya karatasi.

Hapa ndipo ninaposhindwa kutulia, kwa sababu kesi mbili za Uingereza zinavutana.

Katika Banner Homes dhidi ya Luff, kampuni mbili ziliafikiana kununua eneo pamoja kupitia kampuni moja. Mazungumzo ya kina hayakuisha na mkataba haukusainiwa. Luff ikaanza kusita, lakini haikumwambia mwenzake, kwa kuhofia angekwenda kununua mwenyewe. Baada ya kununua ikamtosa. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ilisema nusu inashikwa kwa amana ya Banner.

Katika kesi ya Cobbe, kuhusu jengo la Knightsbridge, London, mfanyabiashara huyo, Cobbe, aliafikiana kwa mdomo na kampuni yenye jengo: atafute kibali cha kujenga kwa gharama yake, kisha auziwe kwa pauni milioni 12, na mauzo yakizidi pauni milioni 24 wagawane ziada nusu kwa nusu. Kibali kikapatikana mwaka 2004. Mara kikapatikana, mwenye jengo akadai pauni milioni 20. Hakimu wa kwanza alimpa Cobbe nusu ya ongezeko la thamani, pauni milioni 2, na Rufaa ikaafiki. Mwaka 2008 House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, wakafuta: si mbia, si mwenye amana, alipwe thamani ya kazi yake tu. Sababu yao? Wote wawili walikuwa watu wa biashara, walijua kwamba bila mkataba kamili wanategemea heshima tu, na jengo lilikuwa la kampuni ile kabla hata hawajaanza kuzungumza.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo nzito kwa Malindi. Katika Banner, ardhi ilinunuliwa kwa sababu ya makubaliano. Kwetu mara nyingi ardhi ni ya ukoo, ilikuwapo kabla ya mgeni kuja na pesa. Kwa hiyo mwenye pesa wa Malindi yuko karibu zaidi na Cobbe kuliko Banner, isipokuwa jambo moja: Cobbe alileta karatasi za kibali, huyu ameacha slebu tatu. Nami naona slebu zina uzito kuliko karatasi. Mwenye ploti aliyekuwa akipita kila asubuhi akiona nguzo zinapanda, asiseme neno, hafanani na mwenye jengo la Knightsbridge. Lakini sioni haki pia kwamba mtu aliyekataa gharama ya wakili ili asifungwe na chochote, apewe baadaye kila kitu ambacho mkataba ungempa.

Kwa nini hati haihamishwi mapema

Mawakili hushauri kampuni: ploti ihamie kwa kampuni, wote wawe wanahisa, mambo yaishe. Ni ushauri mzuri wenye bei. Mjini ushuru wa stempu ni asilimia 4, mashambani 2. Kwa ploti yetu ya Sh12 milioni mjini, hiyo ni Sh480,000. Kodi ya ongezeko la mtaji imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023. Kama ploti ilinunuliwa kwa Sh4 milioni, ongezeko ni Sh8 milioni na kodi ni Sh1.2 milioni. Karibu Sh1.7 milioni zimekwenda kabla ya kuchimba msingi. Ndipo watu husema, tuanze kwanza, hati tutahamisha tukiuza.

Wasiotaka kulipa hizo wafanye walau haya: mkataba wenye mashahidi, uliolipiwa ushuru wake (hati isiyolipiwa haipokelewi kortini mpaka ushuru na faini vilipwe), tathmini ya ploti iliyotiwa saini na pande zote, akaunti ya saini mbili, na zuio kwenye hati (notisi ya kuzuia ardhi isihamishwe kimyakimya) chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Zuio si la kumkomoa mtu. Anayeliweka bila sababu ya haki anaweza kulipishwa fidia.

Nani hasa aliyetia saini

Hati nyingi Malindi bado zina jina la marehemu. Kaka mkubwa anatia saini "kwa niaba ya familia", dada zake hawajui. Hata kwa Waislamu, ambao mirathi yao inagawanywa kwa sheria ya dini, usimamizi wa mali ya marehemu bado unahitaji idhini ya mahakama. Bila idhini hiyo, kaka hakuwa na cha kutia kwenye ubia.

Mgeni asiye raia hawezi kumiliki zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu wenyewe wote ni raia. Shamba la upande wa Mambrui likiwa la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, nayo huombwa ndani ya miezi sita. Na kwa ploti za ufukweni, fuata asili ya hati hadi mgao wa kwanza: Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management ya mwaka 2023 kuhusu ploti ya Nyali, ilikataa kumlinda mnunuzi ambaye hati yake ilianzia kwenye mgao mbovu.

Kitakachohesabiwa

Kwanza, mahakama ipi. Hapa Malindi kuna Mahakama Kuu na kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na wakili wa upande wa pili ataanza kwa kusema umeingia mlango usio wako. Kipimo ni kiini cha ugomvi: ni hesabu za biashara, au ni haki katika ardhi? Madai ya mkataba yana miaka sita, ya kurudisha ardhi kumi na miwili.

Hati ya madai ipangwe kwa ngazi: kwanza tamko la ubia au amana, likishindikana marejesho ya pesa na riba, likishindikana malipo ya thamani ya kazi. Aliyedai ubia peke yake akaukosa anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Ujumbe wa simu ni ushahidi mzuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini unatakiwa kuambatana na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ujumbe ulitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Taarifa za M-Pesa zipangwe kwa tarehe na kila malipo yaunganishwe na kazi yake: hii ya mchanga, hii ya fundi wa stima.

Na kama hukumu itakuwa ya kufanya hesabu, mkadiriaji ujenzi atapelekwa kwenye jengo kupima kilichopo. Ataona ukuta wa matumbawe, atapima unene wa slebu, atahesabu milango. Hawezi kuona nondo ngapi zimefukiwa kwenye zege, wala kina cha msingi, wala tripu za kifusi zilizojaza bonde la zamani. Hayo yanathibitishwa kwa picha zenye tarehe zilizopigwa kabla ya kumwaga zege, kwa karatasi za kupokelea mzigo zilizotiwa saini na mtu wa upande wa mwenye ploti, na kwa daftari la saiti lililojazwa kila jioni. Kama havipo, mkadiriaji atakisia, na upande wa pili utaleta mkadiriaji wake.